Bia Iliyopikwa Jikoni kwa Mlokole

Kwa miaka sita mjomba wangu alikuwa akija nyumbani kwa mama, kule Bigwa chini ya mlima, na chupa yake ya maji. Si kwamba maji ya Bigwa ni mabaya. Yanatoka mlima uleule anakoishi yeye, ila sisi tunayapata yakishateremka. Alikuwa anafika Jumamosi akishauza njegere zake sokoni, anaketi barazani, anaiweka ile chupa katikati ya miguu yake, halafu mama anatoka na sinia la chakula akijua fika kwamba litarudi jikoni kama lilivyotoka. Nimeshakula, dada, mjomba anasema. Kila Jumamosi ameshakula. Mtu asiyetujua angedhani mjomba wangu ana wake watano pale sokoni.

Bila kueleza chanzo, msomaji atamwona mjomba mkorofi tu. Mkorofi ni kweli, nami nimerithi kwake, lakini kulikuwa na sababu.

Zamani mama alikuwa mpika pombe, na alisifika. Mimi nimesomeshwa na pombe hiyo, kuanzia daftari hadi sare. Na kwetu pombe ina adabu yake: anayekukaribisha huonja kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Ni namna ya kusema kwamba kama humu mna kitu kibaya, basi kianze na mimi. Siku ya arobaini ya bibi, mama yao, watu walijaa mpaka uwanja ukawa mdogo. Mama alichota jikoni, akaonja hukohuko kwa haraka, akampelekea kaka yake kata ya kwanza kama ilivyo haki yake. Kesho yake mjomba akaanguka. Alilazwa wiki mbili, na daktari akasema ni homa ya matumbo, tena akaeleza kwamba homa hiyo haiingii leo ikakulaza kesho.

Lakini ukoo hausomi vyeti vya daktari. Swali likawa moja tu, likapita mlango hadi mlango: nani alimwona akionja? Hakuna aliyemwona, maana waliokuwa jikoni walikuwa wanahangaika na masufuria. Mjomba mwenyewe hakumtuhumu mtu. Alipona, akateremka Jumamosi iliyofuata, akamjulia hali dada yake, na mkononi alikuwa na chupa ya maji.

Mama akaacha kupika pombe. Mwaka uliofuata akaokoka, na wenye midomo wakasema anakimbilia kanisani kujificha. Mimi nilikuwa natamani kuwavunjia watu vyungu kichwani. Mama aliendelea kwenda ibadani. Tangu aokoke hajaonja hata togwa iliyolala siku mbili, na mimi, ambaye wokovu bado unanitafuta, nilijifunza kunywa bia yangu mbali na macho yake.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari upande wa Mzumbe. Kazi yangu ni kupima, kuosha na kukemea. Miaka michache iliyopita niliona kwenye simu watu wakipika bia nyumbani, bia hasa, ya laga, ile nyepesi ya rangi ya dhahabu wanayouza baa, kwa kutumia kimea kilichokwisha kukolezwa na kutiwa kwenye kopo, kizito kama asali. Uchungu wa bia umo humohumo ndani ya kopo. Nikasema hili mbona ni somo la kidato cha pili. Rafiki niliyesoma naye, anayefanya kazi nje ya nchi, alikuja likizo akanibebea makopo mawili na vipakiti vya hamira yake.

Nikafanya kosa la kumwambia mjomba. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, ameketi palepale barazani. Mjomba anapenda bia ya chupa kuliko chochote kinachonyweka, na hainywi mpaka ifunguliwe mbele yake. Hata kwenye baa ambayo wanamfahamu tangu ujana wake, mhudumu akiileta imeshafunguliwa anairudisha. Alinicheka mpaka akakohoa. Alisema bia haipikwi na mtu, bia inatengenezwa na mitambo, tena mitambo mirefu kuliko minazi. Nikamwambia tutaona. Ndipo akasema maneno yaliyobadilisha mwaka wetu:

"Mpwa wangu, siku ukitengeneza bia iliyo kama ya kiwandani, nitakunywa. Nitakunywa hata kama imepikwa jikoni kwa mama yako."

Alisema akicheka, na nadhani yaliteleza tu. Lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mama alikuwa nyuma ya dirisha anachambua mchicha.

Mjomba alipoondoka, mama aliniuliza mara tatu kama nimesikia alivyosikia yeye. Nikamwambia nimesikia. Akachukua mchicha wake uliokwisha kuchambuliwa akauchambua tena. Kisha akaniambia niilete hiyo bia yangu niipike hapa, kwenye jiko lake.

Nilimkumbusha kwamba yeye ni mlokole. Nilimkumbusha kwamba jirani wa mkono wa kulia anaimba naye kwaya. Yote aliyajua kuliko mimi.

"Sisi si watoto tena," alisema. "Sitaki aje kunizika na chupa yake ya maji."

Aliweka sharti moja tu, kwamba mjomba asidanganywe. Nilikuwa nimeshawaza kuibandika chupa karatasi ya bia ya dukani, anywe kwanza, ndipo tumwambie. Mama alikataa katakata. Alisema akinywa bila kujua atakuwa hajanywa kitu.

Basi nikabeba kopo la kwanza, ndoo yangu yenye kifuniko, kipimajoto na haidromita, ile ya kioo inayoelea na kukuonyesha sukari imebaki kiasi gani. Tulichemsha maji, tukamimina kimea, jikoni pote pakanukia kama mkate. Mama alisimama pembeni akiwa amekunja mikono, lakini pua yake ilikuwa inafanya kazi. Mchanganyiko ule ulipopoa nikautia hamira, nikafunika.

Sasa, laga haina mchezo mwingi isipokuwa mmoja: hamira yake inataka baridi. Bia nyingine huvumilia joto, laga huharibika. Kwa Bigwa, chini ya mlima, baridi si kitu cha kuokota, kwa hiyo nilimwachia mama maelekezo. Ndoo ikae ndani ya beseni la maji, izungushiwe kanga iliyoloa, na chupa za barafu zibadilishwe asubuhi na jioni. Niliyaandika kwenye karatasi nikayabandika ukutani. Nikarudi kazini nikiwa na amani kabisa.

Jumamosi nikakuta beseni limeanikwa juani. Ndoo ilikuwa kwenye kona, karibu na jiko la mkaa, imefunikwa blanketi. Tena blanketi langu la bweni, lile la mistari.

Mama alinieleza bila wasiwasi. Alisema siku ya pili aliigusa ile ndoo akakuta imepoa kama maiti. Wapika pombe wote wa mlimani wanajua kwamba pombe ikipigwa na baridi inakufa, na yeye alikuwa na miaka ishirini ya kujua hivyo. Akadhani mimi wa vitabu nimekosea, akaiokoa. Na kweli ilikuwa imechemka vizuri, alisema, imeimba siku nzima. Nilifungua kifuniko. Harufu iliyonipiga ilikuwa ya ndizi mbivu, zile zilizosahaulika kapuni. Nikaonja. Ilikuwa pombe, na pengine ilikuwa pombe nzuri, lakini laga haikuwa, na mjomba angeijua kabla haijafika mdomoni.

Nilikasirika. Mimi nikikasirika huwa sisikii ninachosema, mpaka kikishatoka ndiyo nakisikia. Nilimwambia mama kwamba sasa nimeelewa kwa nini watu wanaogopa vitu vya mkono wake.

Nilimwambia hivyo mama yangu mzazi, kwenye jiko lililonisomesha.  Aliliondoa blanketi, akalikung'uta, akaenda kulianika uani, na alikaa huko muda mrefu kuliko blanketi linavyohitaji. Niliimwaga ile pombe kwenye migomba, lita ishirini nzima, nikilia kwa hasira na aibu, sijui ipi ilizidi. Nilipomfuata kuomba msamaha nilipiga magoti kwenye tope la uani. Alinitazama, akaniuliza kopo la pili liko wapi.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa jambo. Kopo lilikuwa limebaki moja tu. Rafiki yangu asingekuja tena mpaka mwaka mwingine, na mjomba ni mtu wa kusahau alichoahidi au kujifanya amesahau. Tena mama alikuwa na presha, na mjomba hapandi tena ule mlima bila kupumzika mara nne. Kama tungeiharibu hii, sinia lingeendelea kurudi jikoni mpaka mmoja wao aondoke.

Tulisubiri mwezi wa saba, kipindi ambacho hata Bigwa watu huvaa masweta asubuhi. Safari hii nilimweleza mama kwa nini, badala ya kumbandikia amri ukutani. Nilimwambia hamira hii ni ya watu wa nchi za baridi, na ukiipa joto inaharakisha kazi na kuacha harufu. Aliuliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wangu. Akasema, kumbe ni kama kulea mtoto mwenye homa, unampoza tu. Nikasema ndiyo hivyo hivyo.

Basi akamlea. Aliamka kwa sala zake za alfajiri, akimaliza anabadilisha chupa za barafu kabla ya kuwasha jiko. Barafu aliichukua kwa jirani wa kwaya, maana friji yake haigandishi, na sijui alimwambia ni ya nini. Nilimwachia kipimajoto, na kila siku simu yangu kule Mzumbe ilikuwa inaingia ujumbe: "14 asubuhi. 15 jioni. Mungu ni mwema." Siku moja ulikuja uliosema tu: "17. Umeme ulikatika jana. Naomba." Jioni ukaja mwingine wa 14, nami nikashusha pumzi mbele ya darasa zima la kidato cha tatu.

Wiki ya tatu haidromita ilitulia mahali pamoja siku tatu mfululizo. Nilionja. Haikuwa na ndizi. Ilikuwa baridi, safi, na uchungu kidogo mwishoni. Nilimwita mama aje anuse. Tuliitia kwenye chupa za kahawia za baa tulizozichemsha, kila chupa na sukari kidogo ili ipate gesi, nami nikagonga vizibo kwa mashine ya mkono. Mama alizipangusa moja moja na kuzipanga. Baada ya wiki mbili aliwahamisha samaki na mboga zake, akazilaza zile chupa ndani ya friji, maana laga inatakiwa ilale baridini ndiyo ikomae.

Tatizo la friji ni kwamba kila mgeni anaijua. Akina mama wa kanisani walikuja kwa ibada ya nyumbani, mmoja akaenda kuchukua maji ya kunywa, akafungua. Nilikuwepo. Alirudi sebuleni bila maji, akauliza zile chupa ni za nini. Nilitaka kusema ni zangu, na nusu ingekuwa kweli. Mama akanitangulia. Aliwaambia ni bia, ameipika yeye na binti yake, ni ya kaka yake, na akawaeleza sababu tangu arobaini ya bibi. Wengi wao hawakuwa wameijua. Wale kina mama walitazamana. Kisha mkubwa wao akasimama, akaenda jikoni, akaweka mkono juu ya mlango wa friji, na wote wakaiombea. Sijawahi kusikia sala ndefu kama ile kwa ajili ya bia, na sitarajii kuisikia tena.

Mjomba alikuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi, akaiweka chupa yake ya maji katikati ya miguu. Tulikuwa tumepanga mimi na mama: mimi ndiye nitakayeileta, mimi ndiye nitakayeonja, maana mimi ni mpishi na mimi sijaokoka. Nilikuwa nasimama kuifuata alipotoka mama mwenyewe na sinia. Juu yake kulikuwa na chupa mbili za kahawia zisizo na karatasi, kifungulio, na bilauri moja.

Alipiga goti, akaliweka sinia kwenye stuli.

"Shikamoo, kaka. Hii ni bia. Nimeipika mimi na mpwa wako, hapa jikoni kwangu. Ulisema utakunywa."

Mjomba hakucheka. Aliichukua chupa moja, akaigeuza, akakikagua kizibo pande zote kama anavyokagua shilingi asiyoiamini. Akamrudishia mama. Kwa mjomba maana yake ni fungua nikiona. Mama, ambaye nina hakika hajawahi kufungua chupa ya bia maishani mwake, alihangaika na kifungulio mpaka nikataka kumsaidia. Kizibo kikatoka, gesi ikalia, povu likapanda shingoni likasimama hapohapo.  Nilikuwa naogopa bia, naogopa presha ya mama, naogopa mjomba atasema ameshakunywa.

Mama akamimina. Rangi ilikuwa ileile ya kiwandani, na hata katikati ya hofu yangu niliona fahari. Halafu badala ya kumpa, akaiinua ile bilauri kuelekea mdomoni mwake.

Nilielewa papo hapo. Hakutaka mimi nionje. Alitaka aonje yeye, mbele ya macho ya kaka yake, kile ambacho kaka yake hakukiona siku ya arobaini. Wokovu wake wote, sala zake za alfajiri, aliviweka kwenye ile bilauri. Povu likamwagikia vidoleni mwake.

Mjomba akanyoosha mkono akaufunika mdomo wa bilauri kwa kiganja.

"Acha, dada," alisema. "Siku ile ulionja. Inatosha."

Akaichukua mkononi mwake. Akanywa. Hakunusa, hakuonja kwanza kwa ncha ya ulimi, alikunywa mpaka nusu na kushusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa njegere. Mama alibaki na goti chini, mikono mitupu, machozi yakimshuka bila sauti. Mimi nililia kwa sauti, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo.

Mjomba akasema hii ni bia. Kwa kuwa hawezi kusifu bila kutoa kasoro, akaongeza kwamba povu lake linakaa muda mfupi, kiwandani wanalikalisha zaidi. Nikamwambia nimesikia. Akafungua ya pili mwenyewe. Kisha akamuuliza mama leo amepika nini.

Amepika nini. Miaka sita nilikuwa nangoja swali hilo. Mama aliinuka haraka kiasi kwamba nilimshika asianguke. Kulikuwa na ugali, mchicha wa nazi na samaki, ndugu wa wale waliofukuzwa kwenye friji. Mjomba alinawa, akala, akaongezewa, akala tena. Walizungumza habari za shamba la bibi na bei ya njegere, mambo ya kawaida kabisa, nami nikakaa pembeni nikiwasikiliza na kujisikia mwepesi kama mtu aliyepona.

Nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki ya bodaboda ya kumfikisha inapoanzia njia ya mlimani. Nilijua napaswa kunyamaza, lakini ulimi wangu mnaufahamu. Nilimuuliza kama kweli siku ile alimwona mama akionja.

Alikaa juu ya pikipiki, akarekebisha kofia yake.

"Sikumwona," alisema. "Ndiyo maana imenichukua miaka sita."

Sikujua kama nimkumbatie au nimtukane. Nilimwambia asalimie nyumbani.

Niliporudi barazani, mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha mjomba. Chupa ya maji ilikuwa imesahaulika pale chini, imejaa, kizibo hakijaguswa. Aliiokota, akaifungua, akanywa yote mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa upande wa kanga.

"Nayo haina sumu," alisema, akaanza kucheka.

Alicheka mpaka jirani wa kwaya akachungulia juu ya ua kuuliza kuna nini.